Kifua cha Mama na Vazi Lake

Katika mavazi yote ayavaayo mwanamke, hapana lililo karibu zaidi na mwili wake kuliko sidiria, wala hapana linalonyamaziwa zaidi. Kitenge hujadiliwa rangi na bei yake, kilemba husifiwa, viatu huulizwa vilikonunuliwa. Lakini vazi hili hununuliwa kwa haraka, hufichwa chini ya vitunguu kikapuni, na hata likifuliwa huanikwa nyuma ya nyumba chini ya taulo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Kigali, na mama wa watoto watatu ambao wote niliwanyonyesha. Nimeona si vibaya kulizungumza vazi hili mbele ya walimu wenzangu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kimya chetu kinawagharimu akina mama raha yao, na wakati mwingine kinawagharimu watoto maziwa yao. Ya pili, vazi hili limebeba habari nyingi za lugha yetu kuliko tunavyodhani.

Na tuanze na jina. "Sidiria" asili yake ni Kiarabu, nalo latokana na neno la lugha hiyo lenye maana ya kifua. Waswahili wana neno jingine la zamani, "kanchiri", yaani kitambaa ajifungacho mwanamke ili kuyashikilia matiti. Huku kwetu, ambako Kifaransa kilitangulia shuleni na madukani, wanawake wengi hulitaja vazi hilo kwa jina walilolitohoa katika Kifaransa, "soutien", ambalo maana yake ni egemeo. Basi Mwarabu ametaja mahali vazi linapokaa, na Mfaransa ametaja kazi linayoifanya. Mama aliyezaa na kunyonyesha ana haja kubwa zaidi na hilo la pili.

Wanafunzi wangu hucheka kila mwaka tufikapo kwenye neno "ziwa". Kinyarwanda kina "ikiyaga" kwa ziwa la maji, "ibere" kwa ziwa la mama, na "amata" kwa maziwa ya kunywa. Kiswahili kimeyakusanya yote matatu katika shina moja. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuuliza, kwa uso mkavu kabisa, kama Nchi za Maziwa Makuu zilipewa jina hilo kwa sababu ya akina mama wake. Darasa zima lilivunjika mbavu, nami pia. Hata hivyo, kicheko kile kilinifikirisha. Ziwa la mama tunalitaja kwa mzaha, au tunalitaja kwa sifa, kama alivyofanya Shaaban Robert alipotaka kuonyesha utamu wa lugha ya mtu akatumia mfano wa titi la mama. Lakini sifa hizo ni za titi lenye maziwa. Likishaimaliza kazi yake, likalegea na kupungua, hapana anayelisemea neno, isipokuwa wale wanaolicheka.

Ukweli wa mwili ni huu. Ndani ya titi hamna msuli wa kuliinua. Limeshikiliwa na ngozi yake yenyewe pamoja na nyuzi nyembamba za ndani, ambazo mpasuaji Mwingereza Astley Cooper alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1840, na hata leo zinaitwa kwa jina lake. Wakati wa mimba, tezi za maziwa huongezeka, titi hujaa, ngozi nayo hutanuka; mbavu pia hupanuka ili kumpisha mtoto aliye tumboni. Mtoto akiisha kuachishwa ziwa, tezi hunywea upesi, ilhali mafuta yaliyokuwa yamezizunguka hurudi polepole, na ngozi iliyotanuka hairudi yote. Ndiyo maana mama hujiona mtupu kwa juu na mzito kwa chini, na sidiria yake ya usichana haimtambui tena.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kunyonyesha siko kunakolegeza matiti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walilichunguza jambo hilo na kutoa matokeo yao mwaka 2007. Waliona kwamba mambo yanayochangia ni wingi wa mimba, umri, unene wa mwili, ukubwa wa matiti kabla ya mimba, na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuonekana kuongeza chochote. Kwa maneno mengine, mama aliyebeba mimba akakataa kunyonyesha ameepuka faida, hasara hakuiepuka.

Nalitaja hilo kwa sababu nimeshuhudia uvumi ukikaribia kumnyima mtoto haki yake. Mwalimu mmoja kijana, niliyefundisha naye shule moja, alirejea kazini baada ya likizo ya uzazi, mtoto wake akiwa na umri wa miezi minne. Kila siku alivaa sweta zito, hata jua la saa saba lilipowaka. Siku moja, tukiwa wawili tu katika chumba cha walimu, aliniambia kwa sauti ya chini:

"Dada, nimeamua kumwachisha mtoto ziwa."

"Je, unaumwa?"

"Siumwi. Lakini wananiambia nikiendelea yataanguka kabisa. Na hata sasa, nikiinua mkono kuandika ubaoni, naona wanafunzi wote wananitazama kifuani. Mabega yananiuma, maziwa yanavuja, sweta hili ndilo linalonisitiri."

Nilitambua kwamba yalikuwa mashaka mawili yaliyofungwa katika furushi moja. La kwanza lilikuwa la elimu, nalo lilitibika papo hapo: nilimweleza niliyoyaeleza hapo juu, nikamkumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na kula chakula kingine hadi miaka miwili au zaidi. La pili lilikuwa la vazi. Hilo halikutaka hotuba. Lilitaka futikamba na safari ya sokoni.

Sokoni nako kuna historia yake. Kwa miaka mingi wanawake wa Rwanda walijipatia sidiria imara kutoka katika nguo kuukuu ziitwazo "caguwa". Mwalimu wa Kiswahili akilisikia neno hilo hutabasamu, kwani ni "chagua" yetu hiyo hiyo, iliyochukuliwa kinywani mwa wachuuzi waliowaita wateja wainame na kupekua. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wameziita nguo hizo "mitumba" kwa sababu ya jinsi zilivyofungwa. Sisi tumeziita kwa kitendo cha mnunuzi. Mwaka 2016 Serikali ya Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, kwa nia ya kuvikuza viwanda vya nyumbani. Sina ugomvi na nia hiyo, tena nguo ya ndani iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine haina heshima kubwa. Lakini meza za sokoni zilijaa sidiria mpya za bei nafuu, za kila rangi, zenye sponji nene na mikanda myembamba kama uzi. Zampendeza msichana. Mama anayenyonyesha zamwelemea.

Tulikwenda Jumamosi. Mwuzaji, kijana mwenye maneno matamu, alituhakikishia kwamba zote "zinaingia". Tukaanza kusoma vibandiko, na hapo ndipo nilipoona kwamba kununua sidiria kwahitaji hesabu pamoja na lugha. Moja ilikuwa na namba 75, ya pili 90, ya tatu 34, na zote tatu zilikuwa za kifua kimoja! Nchi nyingi za Ulaya huandika kwa sentimita mzunguko wa kifua chini ya matiti, yaani 75. Wafaransa huongeza 15 juu ya kipimo hicho, ikawa 90. Waingereza hupima kwa inchi, na kwa desturi yao ya zamani huongeza inchi nne au tano, ikawa 34. Katika nchi kama yetu, iliyopokea bidhaa za Wafaransa, za Waingereza na za Wachina, mama asiyeijua siri hiyo atanunua kwa kubahatisha maisha yake yote.

Tulirudi nyumbani kwangu, tukafunga mlango, tukajipima. Njia yenyewe ni nyepesi. Futikamba huzungushwa kwanza chini kabisa ya matiti, ikiwa imekaza na kulala sawa mbele na nyuma; kisha huzungushwa juu ya matiti mahali yalipojaa zaidi, bila kubana. Kipimo cha kwanza ndicho namba ya mkanda. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo herufi ya kikombe: kwa hesabu ya Ulaya, tofauti ya sentimita 12 hadi 14 ni A, hadi 16 ni B, hadi 18 ni C, hadi 20 ni D, na kuendelea. Mwenzangu alipata 80 chini na 99 juu. Tofauti yake ni 19, basi yeye ni 80D. Sidiria aliyokuwa ameivaa ilikuwa 90B.

Wasomaji watashangaa nikisema kwamba kikombe cha 90B na kikombe cha 80D vinakaribia kuwa sawa kwa ujazo. Herufi peke yake haina maana. Kikombe hukua pamoja na mkanda wake. Kwa hiyo maziwa yake yalienea ndani ya vikombe, ila mkanda ulimzidi kwa sentimita kumi, ukawa wapanda mgongoni, na uzito wote ukaning'inia mabegani. Ndipo penye asili ya maumivu yake. Mzigo wa kifua sharti ubebwe zaidi na mkanda wa chini, kama vile paa linavyobebwa na kuta. Mikanda ya mabegani kazi yake ni kusawazisha tu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: mistari miwili myekundu iliyokuwa mabegani mwake ilinieleza zaidi ya maneno yake.

Sidiria ya 80D hatukuipata Jumamosi ile. Tulipata 80C na 85D. Tulichukua ya pili, iliyo ya pamba, yenye mikanda mipana na vikombe vinavyofunguka kwa mbele, tukaipeleka kwa mshonaji mmoja wa Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili husikika mlangoni na barazani. Mama huyo mzee alipunguza mkanda wa chini, akaongeza kulabu za safu ya tatu, akashona vitambaa viwili vya pamba vya kunyonya maziwa yanayovuja. Alimwambia mwenzangu asikubali waya wala kitu chochote kinachobana wakati angali ananyonyesha, kwa kuwa titi lililobanwa mahali pamoja huweza kuziba njia ya maziwa na kuvimba. Ni maneno ambayo mkunga yeyote angeyaunga mkono.

Mshonaji huyo ndiye aliyenisaidia mimi pia, baada ya mwanangu wa tatu kuacha kunyonya. Nilikuwa nimempelekea gauni la kitenge nikilalamika kwamba halinikai. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, gauni halina kosa. Linalokosa ni msingi." Alinishauri ningoje miezi michache hadi mwili utulie, kisha nijipime upya kana kwamba sijapata kujipima. Nilifanya hivyo. Mkanda wangu uliongezeka, kikombe kikapungua, na umbo nalo likabadilika: lililonifaa sasa ni kikombe kisichofika juu sana, kwa sababu kile kirefu kilibaki na mkunjo mtupu. Nilipolivaa gauni lile tena, nilijiona nimesimama wima. Sikurudi kuwa msichana, wala sikutaka. Nilitaka kujitazama kwenye kioo bila kuomba radhi, na hilo nililipata.

Kwa anayehitaji mizani ya haraka, nazitaja dalili za sidiria iliyokaa vema. Mkanda wa chini umelala sawasawa pande zote, na vidole viwili vyapita chini yake, si zaidi. Kipande cha katikati kimegusa mfupa wa kifua. Titi halimwagiki juu wala ubavuni, na kikombe hakina mkunjo. Mikanda ya mabegani haiachi alama. Sidiria mpya na ifungwe kwenye kulabu ya mwisho iliyo legevu, ili lastiki itakapochoka pabaki nafasi ya kukaza. Mwenye kuivaa ainame kidogo na kuyatuliza matiti ndani ya vikombe kabla ya kusimama.

Mwenzangu aliliacha sweta lake. Mwanawe alinyonya hadi alipotimiza mwaka mmoja na nusu.

Najua wako watakaosema kwamba mambo haya si ya kuandikwa katika jarida la walimu. Nawajibu kwa heshima kwamba lugha isiyoweza kutaja vazi la mama bila haya haijawa lugha ya watu wote. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi hapa Rwanda. Tumekifundisha kwa barua za kiofisi, kwa hotuba na kwa methali. Tukifundishe pia kwa yale ambayo mama huyahitaji anaposimama mbele ya mwuzaji au mbele ya mkunga: mkanda, kikombe, kulabu, ziwa, maumivu, nafuu. Na wakuu wa shule, ambao wengi wao ni wanaume, wafahamu kwamba mwalimu aliyetoka kujifungua akiomba chumba chenye mlango unaofungwa na dakika chache za kukamua maziwa, haombi upendeleo. Anaomba kuifanya kazi yake na kumlea mtoto wake kwa wakati mmoja, pasipo kulazimika kuchagua.