SAA MKONONI ILISEMA MASAA MATATU, MLIMA UKAJIBU KIVYAKE

Kuna kapo moja hapa Dar, majina kapuni, ambayo watu walikuwa wanaipenda sana mtandaoni kwa mambo ya mazoezi. Jamaa ni mtu wa marathoni, saa yake ya GPS haivui hata akioga. Mdada ni muigizaji, umeshamuona sana tu. Sasa jamaa ana tabia moja: kila njia wanayopita lazima aipe alama. Anachukua kilomita, anachukua mita walizopanda, anajumlisha, anakupa jibu. Morningside kule Morogoro aliipa nne kwa kumi. Ukimbishia anafungua simu anakuonesha grafu.

Hesabu yenyewe si ya kwake. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni kwamba mtu hutumia saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, halafu unaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Programu za siku hizi zimeongeza mwinuko wa kila kipande na mapigo ya moyo, pamoja na rekodi za watu waliopita hapo kabla yako.

Basi wakapanga Kilimanjaro, njia ya Marangu. Kutoka kibanda cha Kibo (mita 4,720) mpaka Uhuru (mita 5,895) ni kama kilomita 6, kupanda karibu mita 1,200. Piga hesabu mwenyewe: inakuja masaa matatu na kitu. Jamaa akamwambia mwenzake, "Mama, hii ni Morningside na nusu tu."

Lakini Morningside haifiki hata mita 1,500 kutoka usawa wa bahari! Kule juu ya Kibo kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Kariakoo. Ndio maana watu huondoka Kibo usiku wa manane na kufika kileleni jua likichomoza au baadaye, masaa sita mpaka nane. Kwenye hesabu ya jamaa hewa haikuwepo.

Na rekodi za watu nazo zina ujanja wake. Anayeweka safari yake hadharani mara nyingi ni yule aliyefika, tena mwenye saa ya bei mbaya. Aliyetapika akageuza njiani anazima simu analala. Wapagazi wanaopandisha mizigo ya mpaka kilo 20 huku wanapiga stori, wangapi wana hizo saa? Kwa hiyo ile "wastani" unayoisoma kwenye simu ni wastani wa watu fulani tu.

Mdada kichwa kilianza kugonga mapema. Walipovuka mita 5,000 akatapika mara mbili, akaanza kuyumba. Jamaa akaangalia saa: "Baby jikaze, zimebaki kilomita chache, mwendo wetu bado uko poa." Muongozaji hata hakuiangalia hiyo saa. Alimmulika mdada usoni, akamuuliza jina la mama yake, jibu likachelewa. "Dada, tunashuka. Kaka, wewe kama unataka endelea na mwenzangu."

Na kweli kaka aliendelea. Wengi hapo ndipo walipomchoka, ingawa haki yake apewe, kushuka ndiyo dawa na mdada alikuwa mikono salama; alipofika Horombo alikuwa anakunywa supu. Ila asubuhi hiyo hiyo jamaa alitupia picha ya kileleni na grafu yake, akaandika "saba kwa kumi". Mwenzake hakumtaja hata kwa herufi moja.

Mdada alikaa kimya wiki nzima. Halafu akapost rekodi yake na yeye: mstari unapanda, unasimama, unarudi chini. Mwendo wa kinyonga, mapigo ya moyo kama ya mtu anayekimbizwa na mbwa. Kwenye sehemu ya ugumu akajaza mwenyewe: kumi.

Laiki zikamiminika. Ya jamaa mpaka leo haionekani.