MENINGIE: MJI UNAOKUNYWA MWISHO

Ndugu msomaji, kama nyumbani una ramani ya dunia, itandaze mezani uwaite na watoto. Tazama upande wa kusini-mashariki wa Australia, kisha uufuate kwa kidole mto uitwao Murray. Mto huo huanzia milimani, hupita majimbo matatu kwa mwendo wa kilomita zipatazo 2,500, na karibu na bahari huingia katika ziwa pana liitwalo Alexandrina. Ubavuni mwa ziwa hilo lipo jingine dogo, Ziwa Albert, lisilofikia kina cha mita 2 kwa wastani. Maji huingia humo kwa mlango mwembamba, na hayana pengine pa kutokea ila mlango huo huo. Ukingoni mwa Ziwa Albert, kilomita zipatazo 150 kutoka Adelaide, ndipo ulipo mji wa wakulima wa Meningie.

Wenyewe wa nchi hiyo ni watu wa kabila la Ngarrindjeri, walioishi kwa samaki na ndege wa maziwa hayo tangu kale. Mwingereza Charles Sturt alifika kwa mashua mwaka 1830. Baada ya koloni kuundwa mwaka 1836 wafugaji wa kondoo wakaitwaa nchi. Mwaka 1859 misheni ilifunguliwa Raukkan, ng'ambo ya mji huu. Huko alizaliwa mwaka 1872 David Unaipon, mwandishi na mvumbuzi, ambaye sura yake imo katika noti ya dola 50 ya Australia.

Mji wenyewe ulipimwa mwaka 1866. Siku hizo abiria wa kwenda Melbourne walivuka maziwa kwa meli za moshi kutoka Milang, wakashuka Meningie na kupanda magari ya farasi. Reli ya Adelaide na Melbourne ilipounganishwa mwaka 1887 ilipita mbali, na Meningie ikabaki na mashamba yake. (Wenyeji hupenda kusimulia habari za mwizi aliyempanda mbuni na kuwapora wasafiri. Mbuni kweli walifugwa pande hizo, nao asili yao ni Afrika. Ya mwizi tuwaachie wasimulizi.)

Zamani, mto ulipopungua, maji ya bahari yaliingia maziwani. Ndiyo sababu zikajengwa kuta tano karibu na mlango wa mto, zikakamilika mwaka 1940. Maji yakabaki matamu, majani ya lusini yakamwagiliwa, na ng'ombe wa maziwa wakawa uhai wa mji.

Lakini kuta huzuia bahari tu. Haziwezi kumzuia mtu wa juu asichote. Miji na mashamba makubwa ya majimbo ya juu huchota kwanza, na Meningie hupata kinachobakia. Ukame mrefu ulioanza karibu na mwaka 1997 ulilidhihirisha jambo hilo bila huruma. Kufikia mwaka 2009 maji ya Ziwa Alexandrina yalikuwa yameshuka chini ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita moja. Balaa kubwa ilikuwa katika tope. Tope la maziwa hayo lina madini ya salfa, ambayo yakiguswa na hewa hugeuka kuwa tindikali. Kwa hiyo mwaka 2008 serikali iliziba mlango wa Ziwa Albert kwa tuta, ikasukuma maji kwa pampu kutoka ziwa kubwa ili tope lisikauke. Maji ya kunywa yakaletwa kwa mabomba, bali ya kumwagilia lusini hayakupatikana. Wakulima wakauza ng'ombe, makundi yaliyolelewa kwa vizazi.

Mvua kubwa zilirudi mwaka 2010, ziwa likajaa, tuta likaondolewa. Ng'ombe wengi hawakurudi. Mwaka 2012 serikali ya Australia ilipitisha mpango wa kuurudishia mto sehemu ya maji yake, nao majimbo yamekuwa yakigombana juu yake. Chumvi nayo haikuondoka upesi kama ukame: jua hunyonya maji ya Ziwa Albert na kuiacha chumvi nyuma. Wasimamizi hulazimika kulipandisha na kulishusha ziwa kwa makusudi, ili chumvi itoke kidogo kidogo kwa mlango ule ule mwembamba.