Stima Ilipohamia Kwenye Waya wa Mtandao

Waliowahi kutumia simu za mezani za Posta wanakumbuka jambo ambalo vijana hushangaa wakisimuliwa: stima ikipotea mji mzima, simu iliendelea kuita. Haikuwa imechomekwa kwenye soketi yoyote. Nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye mtambo wa simu zilibeba sauti, na hizo hizo zikabeba umeme wa volti 48 uliotoka kwenye safu ya betri kule mtamboni. Mwenye simu hakuhangaika na lolote. Palikuwa na mtu wa kuzitunza zile betri, na kwa sababu yake simu ya daktari iliita hata usiku wa giza totoro.

Kompyuta zilipoingia maofisini, utaratibu huo ulipotea bila mtu kuusikitikia. Nilianza kuvuta waya za mtandao kwenye barabara hii inayouzunguka Mlima Kenya upande wa mashariki, kutoka Embu kupitia Runyenjes na Chuka hadi Meru, na wakati huo kila kifaa kilidai soketi yake. Simu mpya za mezani, zile zinazopitia kwenye mtandao, zilikuja na adapta. Kamera pia. Kifaa cha Wi-Fi hufanya kazi vizuri kikiwa darini, lakini nani aliwahi kujenga soketi darini? Basi ilibidi aitwe fundi wa stima, atoboe, apitishe waya mwingine, na bei ya kazi ipande. Mara nyingi mwenye jengo alikataa, kifaa kikaishia nyuma ya kabati la faili, karibu na soketi, ambako hakikumfaa mtu.

Hata kikipata soketi, hakikuwa salama. Anayepiga deki huchomoa adapta achomeke birika la chai. Mwingine huchomoa achaji simu. Nimesafiri kwa matatu kutoka Embu hadi vituo vya mbali vya Mbeere, vumbi limenijaa hadi masikioni, kisha kazi yenyewe ikawa ni kurudisha adapta ukutani. Kifaa kikiganda dawa ilikuwa moja, kukizima na kukiwasha, na mkono wa kufanya hivyo ulipaswa kuwa pale pale.

Mambo yalikuja kwa kasi baadaye. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ilifika Mombasa kutoka baharini, mkongo wa taifa ukaendelea kuletwa bara, na mwaka 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi. Ghafla kila ofisi, hospitali na chuo kilitaka mtandao wa maana. Wakati huo ndipo swichi za PoE, zinazopitisha stima na data kwenye waya mmoja, zilipoanza kuonekana kwa wingi kwenye kabati zetu. Si kwamba zilikuwa ngeni duniani. Kanuni ya kwanza ya IEEE, chama cha wahandisi kinachoweka viwango hivi, yaani 802.3af, ilitoka mwaka 2003: wati 15.4 kwa kila tundu, na baada ya kinachopotelea njiani, kifaa kinahesabiwa wati 12.95. Mwaka 2009 ikaja 802.3at yenye wati 30, na kifaa kinahesabiwa 25.5. Umeme wenyewe uko karibu na zile volti 48 za simu ya Posta, na hilo si jambo la bahati, kwani wahandisi walifuata njia iliyokuwa imeshakanyagwa.

Kilichonivutia zaidi ni adabu ya swichi ya namna hii. Haimwagi umeme ovyo. Inabisha hodi kwanza kwa volti chache, ikitafuta ukinzani wa takribani ohm 25,000 upande wa pili. Ikiitikiwa, inafungua. Isipoitikiwa, inapitisha data tu, na kompyuta ya kawaida uliyoichomeka hapo haidhuriki. Vifaa vingi vya redio tulivyofunga juu ya mapaa havikuwa na utaratibu huo: visanduku vyake vilisukuma volti 24 moja kwa moja, awepo wa kuzipokea au asiwepo. Ndiyo maana hadi leo nasisitiza kila waya wa namna hiyo uwekwe alama ya rangi pande zote mbili.

Kwenye shule moja upande wa Runyenjes, iliyokuwa imefungiwa kamera na watu wengine, niliitwa kutazama tatizo ambalo hakuna aliyelielewa. Mlinzi wa usiku ndiye aliyenieleza vizuri kuliko wote. “Fundi, hizi kamera zinalala mapema kuliko mimi,” alisema. Nikamwambia, “Mzee, basi leo tutakesha nazo.” Mchana kamera zote nane zilionekana kwenye skrini. Giza lilipoingia, mbili zikatoweka, na mojawapo ilikuwa ya geti.

Nilifungua ukurasa wa swichi na kutazama wati za kila tundu jua likizama. Mchana kila kamera ilikula kama wati 5, jumla 40. Giza lilipoingia, taa zao za infraredi zikawaka na kila moja ikapanda hadi karibu 10. Swichi yenyewe ilikuwa ya matundu nane, lakini uwezo wake wote ulikuwa wati 65. Zilipodaiwa 80, ikafanya ilivyoundwa kufanya: ikayanyima matundu ya mwisho. Kamera ya geti ilikuwa tundu la nane.

Watu wengi hununua swichi kwa kuhesabu matundu. Ningependa wahesabu wati kwanza. Swichi ya matundu 24 yenye wati 370 inaweza kulipatia kila tundu wati 15.4, lakini ukitaka 30 kwa kila kifaa, inatosha vifaa 12 tu. Pale shuleni tuliweka swichi yenye wati 120, na geti likapewa kipaumbele cha kwanza ili umeme ukipungua, liwe la mwisho kuzimwa. Ndani ya mlango wa kabati nikabandika karatasi: namba ya tundu, kifaa kilichopo, wati za mchana, wati za usiku. Nimefanya hivyo kila mahali tangu siku hiyo, na huwa naikagua karatasi hiyo kabla ya kugusa waya wowote.

Swichi zinazosimamiwa kwa mbali zilibadilisha hata safari zangu. Kifaa cha Wi-Fi kikiganda mjini Maua, nafunga umeme wa tundu lake na kuufungua tena nikiwa Embu, kwa simu ya mkononi. Ile dawa ya zima-uwashe haihitaji tena nauli.

Lakini mzigo wote sasa uko sehemu moja. Tarehe 7 Juni 2016, kabla ya adhuhuri, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, hapa hapa Mbeere kwenye mabwawa ya mto Tana, na nchi nzima ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu. Siku hiyo niliziona ofisi za aina mbili. Zile ambazo swichi zao zilichomekwa ukutani moja kwa moja zilinyamaza zote kwa pamoja: simu, kamera, Wi-Fi. Zile zilizokuwa na inveta na betri mbili za ampea-saa 200 chini ya kabati ziliendelea kupiga simu kana kwamba hakuna kilichotokea. Simu ya mezani ilikuwa imerudishiwa uhai wake wa zamani, na mtu wa kuzitunza betri alihitajika tena. Naamini hapo ndipo taasisi nyingi hukosea katika bajeti: swichi inanunuliwa, betri inaachwa “hadi mwaka ujao.”

Matunzo yenyewe hutegemea mahali. Upande wa Kiritiri na Siakago, kule Mbeere, adui ni vumbi na joto. Feni ya swichi hujaa, na swichi ya PoE huchemka kuliko swichi ya kawaida kwa sababu ya kazi iliyobeba. Mijusi hupenda joto hilo, na nimewahi kukuta mayai yao kwenye kona ya kabati. Meru, kwenye mvua za Machi hadi Mei, hofu ni radi. Waya wa shaba unaotoka jengo hadi jengo huileta hadi ndani. Kati ya majengo mawili mimi huweka faiba, isiyopitisha umeme, na kabati kila upande huungwa na waya wa ardhini.

Kuna adui mwingine ambaye hununuliwa dukani. Kwenye maduka ya Luthuli Avenue kule Nairobi utapata boksi la kebo la mita 305 kwa bei ya kuchekesha, na ukilinyanyua ni jepesi. Ukikwaruza uzi wake kwa kisu, chini ya wekundu wa shaba unaona weupe wa alumini. Kwa data hupita hivi hivi. Kwa stima, ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, volti zinaishia njiani, na waya zikifungwa fungu moja darini zinapata joto. Katika jengo moja la ghorofa tatu mjini Meru, vifaa vya Wi-Fi vilikuwa vikijizima na kujiwasha watu wakiwa wengi, na mwenye jengo alikuwa ameshabadilisha vifaa vyenyewe bila nafuu; kosa lilikuwa kwenye kebo ya namna hiyo iliyokuwa darini.

Tangu 2018 kuna kanuni ya 802.3bt, inayofika hadi wati 90 kwa tundu kwa kutumia jozi zote nne za waya, na vifaa vipya vya Wi-Fi vinaanza kudai zaidi ya zile 25.5 zilizokuwa zikitosha. Kebo ya alumini haiwezi kuzibeba salama. Jengo lile la Meru limekubali gharama: tunavuta shaba tupu, tunaitoa ile nyingine dari baada ya dari, na sasa tumefika ghorofa ya pili.