Wickiup: Bwawa la Jangwa la Juu

Wengi wetu tukisikia jina la Marekani hufikiri habari za majengo marefu na viwanda. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nchi hiyo nayo ina majangwa, na kwamba humo wamo wakulima wanaoitazama mbingu kwa wasiwasi kama wakulima wa mahali pengine popote. Juma hili, ndugu msomaji, twende kwa njia ya kalamu hadi jimbo la Oregon, magharibi ya nchi hiyo, tukalitazame bwawa liitwalo Wickiup.

Jimbo hilo limegawanywa na Milima ya Cascade, iliyojipanga kutoka kaskazini hadi kusini mfano wa ukuta. Mawingu yatokayo Bahari ya Pasifiki yakiipanda milima hiyo humwaga mvua na theluji. Yakifika upande wa mashariki hayana tena cha kutoa. Huko mashariki ndiko kwenye uwanda mkavu ambao wenyeji huuita Jangwa la Juu. Mji wa Bend, ulio mkubwa katika sehemu hizo, uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua na theluji ya mwaka mzima, ikipimwa kama maji, ni kiasi cha milimita 300 tu, na nyingi huanguka wakati wa baridi, mkulima asipokuwa na mazao shambani.

Hata hivyo nchi hiyo imejaliwa Mto Deschutes. Theluji ya milimani inapoyeyuka, maji yake hunywewa na mawe ya volkeno yenye matundu, husafiri chini ya ardhi, kisha hutokeza katika chemchemi. Kwa sababu hiyo mto huo, kabla haujafungwa, ulikwenda kwa mwendo mmoja karibu mwaka mzima: haukufurika sana wala haukukauka.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi walifika sehemu za Madras, kaskazini ya Bend, wakalima ngano kwa kutegemea mvua. Udongo ulikuwa mzuri, lakini mvua iliwadanganya, na wengi walihama wakaziacha nyumba zao. Waliobaki walidai mfereji. Ombi lao lilikubaliwa katika mwaka 1937: maji yahifadhiwe Wickiup, kusini ya Bend, kisha yateremshwe kwa njia ya mto hadi Bend, na kutoka hapo yachukuliwe na mfereji wa urefu upatao kilometa 105 mpaka mashambani.

Jina Wickiup ni la kibanda cha miti walichojenga wenyeji wa asili. Walikuwa wakipiga kambi hapo majira ya majani kupukutika ili wawinde na kuvua samaki, na nguzo za vibanda vyao walikuwa wakiziacha zimesimama.

Kazi ya ujenzi ilianzwa na vijana wa kikosi cha kazi kilichoundwa na serikali ya Rais Roosevelt katika mwaka 1933 kwa ajili ya wasio na ajira. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1942. Mwaka huo huo waliletwa watu wa namna nyingine: vijana ambao dini yao iliwakataza kushika silaha. Sheria iliwaruhusu kuitumikia nchi kwa kazi ya amani, nao walikata miti katika eneo litakalofunikwa na maji na kusaidia kujenga ukuta, bila mshahara wa kawaida. Maji ya kwanza yalifika Madras mwaka 1946, na bwawa likakamilika mwaka 1949.

Ukuta wake ni wa udongo ulioshindiliwa. Kimo chake ni mita 30 hivi, lakini urefu wake ni zaidi ya kilometa nne. Bwawa likijaa huweka maji yapatayo mita za ujazo milioni 247. Wakati wa baridi milango hufungwa ili maji yajae. Mashamba yanapoanza kuhitaji maji milango hufunguliwa. Kwa maji hayo uwanda wa Madras uligeuka kijani. Hulimwa ngano, nyasi za mifugo na minanaa, na hapo ndipo hutoka sehemu kubwa ya mbegu za karoti chotara zinazopandwa Marekani.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikisha kujaa, nani atangulie kuchota? Katika Oregon aliyeanza kuyatumia maji ya mto ndiye mwenye haki ya kwanza, na aliyekuja nyuma husubiri. Baadhi ya wenye mifereji karibu na Bend wana haki za tangu mwaka 1900 na 1907. Haki ya wakulima wa Madras ni ya mwaka 1913. Kwa hiyo maji yakipungua hukatwa kwanza wale wenye udongo bora na wanaoishi kwa kilimo tu, na huku jirani mwenye shamba dogo la mawe, anayefuga farasi wawili kwa kujifurahisha, aweza kuendelea kumwagilia.

Tena yupo mdai asiye na mfereji. Ni chura mwenye madoadoa, akaaye kwenye maji ya kina kifupi kando ya mto. Kwa miaka mingi, wakati wa kujaza bwawa, mto chini ya ukuta uliachiwa maji kidogo mno, pengine kama lita 570 kwa sekunde, na wakati wa joto ulifurishwa kupita desturi yake. Kingo zilibomoka, na makao ya chura yalikauka. Mwaka 2014 serikali kuu ilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini, na mashtaka yakafuata. Mwishoni mwa mwaka 2020 ulikubaliwa mpango wa miaka 30 wa kuongeza hatua kwa hatua maji ya mto wakati wa baridi. Maji hayo yakiachiwa, hayabaki bwawani kungoja mavuno.

Ukame nao haukungoja. Katika Septemba 2020 bwawa lilikuwa karibu tupu, na katika miaka ya 2021 na 2022 wakulima wengi wa Madras waliacha sehemu za mashamba yao bila kupandwa. Baba wa nyumba aliketi na mkewe kabla ya majira ya kupanda, wakahesabu maji kabla ya kuhesabu mbegu.

Dawa inayotumiwa ni ya kazi ngumu: kuifukia mifereji ya wazi na kutia mabomba mahali pake, kwani mawe yale yenye matundu hunywa sehemu kubwa ya maji yakiwa njiani. Maji yanayookolewa kwa wenye haki za zamani huweza kupelekwa Madras, nao wa Madras wakaachia mengine mtoni wakati wa baridi. Hivyo kila mita ya bomba inayolazwa karibu na Bend hulisha shamba lililo mbali nalo na kumhifadhi chura. Ukuta wa udongo ulimalizika mwaka 1949. Kazi ya kugawana maji yaliyo nyuma yake ingali inaendelea.