Nyumba za Mbao na Mvua ya Kila Mwaka



Katika mji wa Goma, wengi wetu hulala nyuma ya mbao. Nyumba zetu zimesimamishwa kwa mbao za mkaratusi juu ya mawe ya volkano, nyingine baada ya Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipofunika sehemu ya katikati ya mji na kuliangamiza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Ubao ulipatikana upesi na fundi aliufahamu. Lakini nyumba iliyojengwa kwa haraka mara nyingi hugeuka makao ya miaka mingi, na mvua haiulizi kama tuliikusudia iwe ya muda.

Sisi tuliosomea ualimu tumezoea kutafuta sababu kabla ya dawa. Ubao hauozi kwa uzee, bali huliwa. Kuvu huuozesha panapokuwa na hewa, joto la kadiri na maji. Hewa na joto hatuwezi kuviondoa. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji. Ubao ambao unyevu wake hauzidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu haiwezi kuuozesha. Jua nalo hulegeza kile kinachounganisha nyuzi za mti, mvua huosha kilicholegea, na ubao hugeuka kijivu. Rangi hiyo ya kijivu ni ya juu juu tu. Hatari imo katika nyufa, kwa kuwa humo maji huingia na kukawia kutoka.

Mahali pawili pastahili kutazamwa kwanza. Pa kwanza ni ncha za ubao, mahali msumeno ulipokata, kwa maana huko nyuzi ziko wazi kama mirija, nazo hunywa maji kwa kasi kuliko upande wa ubao. Pa pili ni pale nguzo inapokutana na udongo, ambapo unyevu na hewa hukaa pamoja. Tumeiona nguzo ya kibaraza, imepakwa rangi nzuri, inang'aa. Kisu kilipochomwa karibu na ardhi, kiliingia hadi mpini. Rangi iliyopasuka huruhusu maji kuingia, kisha huyazuia yasikauke.

Ushahidi wa jambo hili unatoka pia mbali. Huko Norwei yapo makanisa ya mbao yaliyosimama tangu Zama za Kati; lile la Borgund lina umri wa zaidi ya miaka 800. Yaliyotangulia, ambayo nguzo zake zilizikwa ardhini, yalioza. Yaliyodumu yaliwekwa juu ya boriti zilizolazwa juu ya mawe, yakafunikwa na mapaa yenye miteremko mikali, yakapakwa lami ya msonobari tena na tena. Wajenzi hao hawakuwa na dawa za viwandani. Waliuinua mti kutoka udongoni, na waliokuja baada yao waliendelea kuutunza.

Sisi tumepewa mawe kwa wingi kuliko watu wengi duniani. Basi nguzo na iketi juu ya jiwe, wala isizikwe. Ubao wa chini uachwe mbali na ardhi, ili matone yanayoruka yasiufikie. Mabati yatokeze nje ya ukuta, na mfereji wa bati uyapokee maji, ambayo tunayahitaji hata hivyo. Mbao za ukuta zikisimama wima, maji hushuka bila kukaa katika viungo. Ncha zote zipakwe mafuta ya kitani au rangi kabla ya kupigiliwa, na kazi hiyo ifanyike kati ya Juni na Agosti, mbao zikiwa kavu. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe, maana huweza kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke.

Juu ya oili chafu ya magari, inayopakwa kwa kuwa ni rahisi kupatikana, yatupasa kusema wazi. Hufukuza maji kwa kitambo, lakini ina madini yenye sumu, hushika mikono ya watoto wanaoegemea ukuta, na mvua huibeba kwenda kwenye maji. Vilevile vipande vya mbao zilizotiwa dawa au rangi visitiwe katika mbabula, kwa maana moshi wake ni sumu.

Lakini tatizo kubwa kuliko kuvu ni swali la nani anayehusika. Mpangaji husema nyumba si yake. Mwenye nyumba husema halali humo. Kati ya maneno hayo mawili ubao wa chini unaoza, kisha nguzo, kisha ukuta mzima unadai fedha, nayo hutoka katika mfuko ule ule wa karo na wa dawa. Anayeumia kwanza ni yule asiyeweza kupanda juu ya ngazi: mjane, mzee, mgonjwa.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Mwezi wa Julai kila shirika lizunguke nyumba za wanyonge wake likiwa na kisu, chepeo na mawe machache. Kisu kichomwe chini ya kila nguzo. Udongo uliorundikana ukutani uondolewe. Mahali kisu kinapozama, mwenye nyumba na mpangaji waitwe pamoja, siku hiyo hiyo, wapatane nani atanunua ubao na nani atatoa mikono. Septemba haiko mbali.