Mtoto wa Dar na Daladala

Wenzangu mnaolea mjini mtanielewa. Binti yangu ana miaka 6, Januari anaanza darasa la kwanza, na pesa ya basi la shule sina. Kwa hiyo kila Jumamosi namfundisha daladala.

Rangi hazikumsumbua. Kusoma "Temeke–Makumbusho" bado, lakini ule mstari wa ubavuni anaujua, na anajua gari la rangi nyingine halimfikishi kwa bibi. Jina nalo kalipenda: miaka ya 80 nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu hiyo mitaani ikiitwa dala. Sasa ni dala-dala kutwa nzima, mpaka masikio yanauma.

Kasheshe ni kushuka. Konda anauliza, "Buguruni wapo?" Ukikaa kimya anagonga bodi, gari mbele kwa mbele. Na huyu tumemlea kwa shikamoo na sauti ya chini. Kupiga kelele mbele ya wakubwa anaona ni utovu wa adabu.

Halafu kuna makonda wanaozuia wanafunzi mlangoni, eti nauli yao ndogo. Hilo sijui nimwelezeje mtoto. Nimemwambia asimame karibu na mama yeyote mtu mzima, apande naye kama wake.

Jumamosi iliyopita konda kauliza. Mimi kimya, makusudi. Kisauti kikatoka chini ya kwapa la jamaa mmoja: "Wapo!" Gari zima kicheko.

"Shuka bosi," konda akamwambia, "tanguliza mguu wa kushoto!"