Sauti Sio Nyawawa

Wasee wa Kisumu, nyawawa wakipita tunagonga sufuria mpaka waishie ziwani. Lakini binamu yangu wa Nyalenda akisikia sauti sisi hatuzisikii, tugonge nini? Mtaa ulisema ati ni bangi. Dani akasema karogwa.

Mwaka 2021 watafiti walilinganisha picha za MRI za vijana 1,792 walio hatarini kupata saikosisi na wenzao 1,377. Kwa wastani, tabaka la nje la ubongo wa walio hatarini lilikuwa jembamba kidogo. Kidogo tu, so picha pekee haikuambii nani ataugua.

Machakos, kina Profesa David Ndetei walitumia maswali. Hiyo hata sisi tunaweza. Muulize msee anasikia nini, usimcheke, kisha mpeleke kliniki mapema.